Mnana na Mwenye Kuchagua

Mnana dume hakati jani, hulichana. Hutua kwenye kuti la mnazi, akang'ata ukingo wa jani karibu na uti mpaka upatikane mwanya, akaubana mdomoni, kisha akaruka. Jani halina la kufanya ila kumfuata. Linapasuka na kutoa chane moja nyembamba, ndefu kumshinda ndege mwenyewe, inayopepea nyuma yake hewani. Asubuhi, kabla bodaboda hazijaamka, sauti yake huingia mpaka ndani ya nyumba: mchano mfupi, mkavu, kama doti ya kanga mpya inapotenganishwa.

Namtazama kutoka dirisha la chumba cha mbele, hapa Chumbageni, Tanga. Ni dirisha la zamani, milango miwili ya mbao na nondo katikati, bila kioo. Nje kuna ua mdogo, mpapai, vigomba viwili, ukuta wa jirani, na nyuma ya ukuta mnazi wa jirani ambao makuti yake yanaingia upande wangu bila kupiga hodi. Shore huja kwenye mpapai na kula kwa kelele zaidi kuliko kwa njaa. Chozi huning'inia kwenye ua la mgomba, akanywa, akaenda zake. Tetere hutembea chini wakitikisa vichwa, wakiokota nisichokiona. Wote hao nawapenda, lakini kiti changu hakikuwekwa dirishani kwa ajili yao. Tangu nilipostaafu kufundisha nimejifunza kukaa mahali pamoja, na aliyenifundisha ni huyu mwenye kichwa cheusi, jicho jekundu na mgongo wa manjano uliotiwa madoa meusi. Pwani tunamwita mnana, yeye na nduguye aliye wa manjano matupu, na kwa mwenye kutazama kazi jina moja linawatosha wote wawili.

Kazi yenyewe huanza na pete. Dume huchagua ncha ya kuti iliyoinama, akapitisha chane ya kwanza juu na chini, akaizungusha, akaikaza kwa kuvuta kichwa nyuma. Chane ya pili huishika ya kwanza, ya tatu huzifunga zote mbili. Polepole panatokea kitanzi kilichosimama wima, naye husimama ndani yake, miguu imeng'ang'ania upande wa chini. Kuanzia hapo haondoki kwenye kipimo hicho, wala hageuzi uso. Akiinama mbele husuka chumba cha mayai, mpaka pale mdomo wake unapokoma kufika. Akijipinda nyuma husuka ukumbi, na mwisho mlango unaotazama chini. Futi hana, timazi hana. Upana wa nyumba yake ni urefu wa shingo yake. Udongo hagusi, kama afanyavyo mbayuwayu, wala hana mate ya kugandisha. Kinachokishika kile kiota wakati wa upepo wa kusi ni msuko mtupu: chane imepita wapi, imerudi wapi, imebanwa na ipi. Mwenye kazi akiwa hodari na majani yakiwa karibu, ganda la nje humalizika hata kwa siku moja.

Halafu huanza sehemu ambayo wapita njia hawaioni, kwa sababu inataka mtu aliyekwisha kukaa. Dume huning'inia chini ya mlango wake, kichwa chini, akapigapiga mbawa na kupayuka. Anatangaza. Jike hufika, naye hana cha kujivunia kwa umbo, rangi yake ni ya majani yaliyochoka. Hatazami mbawa za dume kwa muda mrefu. Anaingia ndani. Ukitulia utakiona kiota kikitikisika, kwa maana huko ndani anavuta chane moja moja, anadokoa, anasukuma kuta kwa kifua. Hutoka, akakaa pembeni kidogo, pengine akarudi tena ndani. Mara nyingi huondoka bila neno, akaenda kumkagua fundi wa kuti la pili. Akiridhika, husomba majani laini na manyoya ya nyasi, akatandika mwenyewe, na hapo ndipo nyumba imekuwa nyumba.

Asiporidhika yeye, na asiporidhika mwenzake wa pili na wa tatu, kiota kinakauka. Kijani kinakuwa hudhurungi, na majike hawapendi kiota cha hudhurungi, wanataka kibichi. Hapo dume hufanya jambo ambalo mara ya kwanza nililiona ni wazimu: hukivunja. Huanza kufumua chane alizozikaza mwenyewe, akaziachia zianguke uani kwangu, mpaka ncha ya kuti inabaki tupu. Kisha hurudi kwenye jani bichi, akang'ata ukingo, akachana. Hakiuzi kwa bei ya kutupa. Hakipaki rangi. Anakibomoa na kuanza pete nyingine.

Nikimtazama akifumua, akili yangu hutoka Tanga ikaenda Pangani, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama.

Bibi alisuka ukili. Ukindu ulikauka juani mpaka ukawa mweupe, akauchana kwa ukucha wa kidole gumba alioufuga kwa kazi hiyo tu, akakaa barazani mguu mmoja ameunyoosha, na ukili ukatoka mikononi mwake bila yeye kuutazama, ukajikunja pembeni yake kama kwamba una safari yake. Baadaye aliushona ubavu kwa ubavu mpaka ukawa mkeka. Mikeka yake mizuri ilikuwa ya harusi, na wateja wa mikeka ya harusi hawakuwa maharusi, walikuwa masomo wao, yaani makungwi. Mmoja alitoka ng'ambo ya mto, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye buibui lililokwisha rangi. Alivuka kwa mashua, akaketi barazani kwetu, akamaliza maamkizi yote kwa utaratibu wake, wagonjwa, wasafiri, waliozaliwa, mvua, na sisi watoto tukampa shikamoo zetu na kupokea marahaba. Ndipo aliposema, "Haya, Bi Mkubwa, tuone."

Bibi akimkunjulia mkeka, yeye hakuusifu. Aliuinua, akausimamisha mlangoni ili jua lipige upande wa pili, akasogeza uso karibu. Mahali mwanga ulipopenya, pale palilegea. Alipitisha ukucha kwenye mishono akisikiliza. Akaunusa, maana ukindu uliokunjwa kabla haujakauka vyema hutoa harufu hata ukipakwa rangi za kupendeza namna gani. Nilikuwa mdogo na moyo ulikuwa ukinidunda kwa niaba ya bibi. Siku moja kidole chake kilisimama karibu na pembe, akakibonyeza pale na kusema kwa upole, "Bi Mkubwa, hapa ulikuwa unazungumza."

Bibi aliangua kicheko. Ni kweli, alikuwa akizungumza. Shangazi alikuja na habari za talaka ya mtu, na mkono ukafuata ulimi. Usiku ule aliwasha koroboi, akafumua kuanzia pale pembeni, akasuka upya. Sikuona hasira usoni mwake. Niliona kitu ambacho mpaka leo sijakipatia jina zuri kuliko heshima: ametokea mtu aliyejua kuisoma kazi yake mpaka akaona saa aliyokuwa akizungumza.

Yule somo alipoacha kuja, kwa umri au kwa mauti, walikuja wanunuzi wa jumla na lori. Walihesabu mikeka kwa mafungu, wakaifunga kamba, wakalipa, wakaondoka. Bei haikuwa mbaya sana. Lakini mwaka ule ule nilianza kuona chane za bibi zikipanuka. Ukili ukawa mpana, na mkeka ukamalizika upesi. Nilipomuuliza alinijibu bila kuinua kichwa, "Nichane nyembamba za kumwonyesha nani, mjukuu wangu? Huyu hatazami."

Watu husema ufundi wa mikeka uliuawa na plastiki. Mimi nilikuwapo, na plastiki ilikuta maiti. Mikeka ile ya mirija ya rangi kali ilipojaa madukani, mkono wa bibi ulikuwa umekwisha kulegea kwa kukosa jicho la kuukaza. Tunalaumu mafundi kila siku: fundi seremala haaminiki, fundi cherehani anachelewesha, fundi ujenzi anaiba saruji. Sijasikia tukijilaumu sisi wenye kuchagua. Siku hizi tunachagua kwa picha kwenye simu, tunalipa kwa simu, kitu kinafika kimefungwa, tunakiweka mahali pake, na kikivunjika tunanunua kingine. Niliwahi kumwambia fundi aliyeniletea fremu ya mlango kwamba pembe zake hazikukutana. Alinitazama kwa huruma ya kweli na kusema, "Mzee, utapaka rangi, nani ataona?"

Walikuwapo mke na mume, wataalamu wa Marekani, Nicholas na Elsie Collias, waliotumia sehemu kubwa ya maisha yao kuwatazama mnana hawa wenye kichwa cheusi, wakiwafuga katika tundu kubwa huko Los Angeles ili wawaone kwa karibu. Mwaka 1964 walieleza jinsi madume wachanga wanavyojifunza. Kijana hazaliwi fundi. Hushika majani, akayachezea, akajaribu kufunga, akasuka kitu kisicho na mlango wala chumba, akakiacha. Waliomnyima kijana majani ya kuchezea walimkuta, umri wa kujenga ulipofika, yuko nyuma kabisa ya wenzake. Hayo nayaona hata mimi bila tundu. Vijana hujenga kwenye makuti ya pembeni, viota vilivyopinda, vyenye nywele ndefu zinazoning'inia, na hakuna jike anayeingia. Hawafukuzwi. Wanaachwa waharibu majani mpaka mkono ukomae. Tanga hii ya leo, kijana akiharibu mbao moja karakana inamwambia arudi kwao.

Lakini kilichonishangaza zaidi katika elimu ya ndege hawa ni mayai. Yai la mnana laweza kuwa jeupe, au la samawati, au la kijani kibichi, tupu au lenye madoa, na kila jike hutaga la namna yake maisha yake yote. Sababu ni kekeo, yule mdogo mwenye mgongo wa kijani unaometa, ambaye hajengi. Humvizia mwenye nyumba ametoka, akataga yai lake mle ndani, akaondoka, na kinda wake akilelewa ni hasara tupu kwa wenye nyumba. Basi jike wa mnana hulijua yai lake, na akiona geni hulitoa nje. Jicho lile lile lililokagua chane hukagua mayai. David Lahti, mtaalamu mwingine wa Marekani, alikwenda kuyatazama mayai ya mnana waliochukuliwa Afrika na kupelekwa visiwa vya mbali, Morisi na Hispaniola, ambako kekeo huyo hayuko. Mwaka 2005 alichapisha alichokiona: huko mayai ya jike mmoja yameanza kutofautiana yenyewe kwa yenyewe, na mayai ya majike mbalimbali yameanza kufanana. Ile sahihi ya kila mmoja imelegea. Hakuna anayedanganya, na kwa hiyo hakuna haja ya kuwa mkali. Nilisoma habari hiyo nikamkumbuka bibi na lori.

Nchi yetu ni tajiri wa wasusi hawa kuliko tunavyojua. Juu yetu hapa, misitu ya Usambara ina mnana wake wa milimani, adimu, ambaye mtu anaweza kuishi Lushoto mpaka uzee bila kumwona. Na kule Ifakara, kwenye mabwawa ya Kilombero, kuna mnana ambaye wenyeji na wavuvi walimjua miaka yote, lakini vitabu vya sayansi vilimpokea mwaka 1990 tu. Sitaendelea na hayo, yana wenyewe. Wangu ni huyu wa kawaida, asiye adimu, ambaye ameanza kuwa adimu kwenye dirisha langu.

Kunguru ndiye mwenye kosa la kwanza. Yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, mkoloni akitaka ale taka za mji. Taka zilimshinda kwa wingi, naye akatushinda kwa kuzaana. Alivuka bahari, akaja Dar es Salaam, akaja kwetu, na kufikia mwisho wa miaka ya 1940 alikuwa amekwisha kuonekana Mombasa. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba itawaua kwa sumu kunguru milioni moja kabla mwaka haujaisha, na nambari hiyo peke yake inatosha kusimulia. Kunguru huyu hukipasua kiota cha mnana ubavuni, hana haja ya mlango, akamtoa kinda kwa ncha ya mdomo huku mama akipiga kelele kuti la jirani. Msuko uliohimili kusi hauhimili hilo. Lakini simlaumu peke yake. Kunguru hula tunachomwagia, na mtaa wetu unamwagia kwa ukarimu. Jalala la kona lilikuwa la muda, likawa la kudumu, sasa lina wachuuzi wake. Tulimleta afanye kazi ya usafi tusiyotaka kuifanya, na mpaka leo hatujaifanya.

Kosa la pili ni geni zaidi, na sijui nimlalamikie nani. Msimu uliopita niliokota chini ya mnazi kiota kilichoangushwa na upepo. Katikati ya chane za mnazi, zilizokwisha kuwa hudhurungi, ulipita uzi wa kiroba, ule wa bluu unaofumuka kwenye mifuko ya unga na mchele. Ulikuwa umesukwa vizuri ajabu, juu, chini, ukarudishwa, ukakazwa. Fundi hakuubagua. Nami nilikaa nao mkononi nikifikiri habari ya jike anayependa kijani kwa sababu kijani kinamwambia kazi ni ya juzi. Uzi wa kiroba haukauki. Haubadilishi rangi. Kiota kikichakaa, wenyewe utabaki unang'aa kama siku ya kwanza, na hautamwambia lolote. Nimekiweka juu ya kabati, wajukuu wakija wanakishangaa, na kitu cha kwanza wanachokisifu ni ule uzi.

Kosa la tatu ni minazi. Mtaa huu ulikuwa na minazi kila ua, na nazi zilianguka usiku zikatushtua. Sasa ua wa kisasa ni wa matofali ya saruji ukuta hadi ukuta, maji ya mvua yanatoka barabarani kwa nguvu kama yamefukuzwa, na tui tunanunua la paketi. Madirisha ya nyumba mpya ni ya alumini yenye vioo vya giza, vimefungwa mwaka mzima kwa ajili ya kiyoyozi. Anayekaa ndani anaweza kutazama nje akitaka. Nimepita mbele ya nyumba hizo asubuhi na jioni, kitambo sasa, sijaona uso.

Mnazi wa jirani ndio uliobaki upande wetu, na mwaka huu una viota kwenye makuti yote ya upande wa mashariki. Jioni moja kabla ya magharibi nilimkuta mwenyewe langoni akifuta kioo cha gari kwa kitambaa. Ni kijana mwema, nilimfundisha hesabu darasa la sita, na Idi haipiti bila kutuletea sahani.

"Mwalimu, shikamoo. Nilitaka kukuarifu tu, mnazi huu tunauangusha Jumamosi. Utasikia kelele za msumeno, usishtuke."

"Marahaba. Una nini mnazi?"

"Hawa ndege, Mwalimu. Gari halikai safi hata siku moja."

Nilimweleza kwamba wakati huu mle ndani mna makinda. Nikamwomba asubiri mpaka waruke.

"Wataruka lini?"

"Wiki tatu hivi, hazizidi."

Alitazama juu kwa muda, nadhani kwa mara ya kwanza, mkono ameukinga usoni kwa jua. Madume walikuwa wananing'inia wakitangaza. Kisha akakikunja kile kitambaa.

"Tatizo, Mwalimu," alisema, "mwenye msumeno ameshachukua kianzio."